Siku Kamera Ilipozimika Kazan

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Zumreta Dervić amechuchumaa kwenye kokoto za ukingo wa mto Una. Kifuniko cha plastiki amekibana kwa meno, na kidole chake kinabonyeza kitufe kisichozidi punje ya mahindi. Kamera aliyoshika ni ndogo, ungeweza kuificha kwenye kiganja cha mtoto. Anaikodolea macho kama mshonaji anayetafuta tundu la sindano.

"Ubora, elfu moja na themanini," ananong'ona. "Picha sitini kwa sekunde. Kioo, zima. Waifai, zima. Ramani, zima. Kuamrishwa kwa sauti, zima. Haya, lala hapo."

Anaifunga kwenye kofia ngumu. Betri ya akiba anaipenyeza ndani ya vazi lake la mpira, upande wa moyo. Maji ya Una hayazidi nyuzi kumi na tatu hata Julai, na betri ikipigwa na baridi hukata kabla ya wakati wake.

Nyuma yake watalii kumi na wanane wanapigana na mavazi ya kukodi. Husnija, nahodha wa boti la tatu, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye tumbo na maneno, hawaachi wapumue. "Bwana mkubwa, hapo unatia mguu kwenye mkono! Ukishuka hivyo mto utakucheka!"

Zumreta hacheki. Ana miaka thelathini na tisa, na kwa misimu kumi na mitatu amekuwa mlinzi wa watalii kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, katika kambi ya kaka yake, Rifet, karibu na mji mdogo wa Kulen Vakuf. Hutangulia mbele ya boti za mpira, hujibanza kwenye maji matulivu chini ya kila poromoko, na husubiri mtu aanguke. Asipoanguka mtu, huwarekodi wanavyoshuka.

Hulipwa marka sitini, pesa ya nchi yao, kwa siku, na marka kumi kwa kila video inayonunuliwa. Msimu ukiisha, mwezi Oktoba, hushona mapazia.

"Kamera ina tumbo kubwa kuliko macho yake," anatuambia waandishi. "Ukiipa kila inachoomba, itakula chaji yote na safari hujaimaliza."

Somo hilo halikumjia kwa kusoma kijitabu cha maelekezo. Kwa maneno yake mwenyewe, lilimjia kwa wivu.

Ilduza aliingia kambini miaka mitatu iliyopita, bibi harusi wa Rifet. Wazazi wake ni wa mji jirani wa Bihać, lakini yeye alikulia Malmö, Uswidi. Alikuja na masanduku manne, mashine ya kahawa ambayo hakuna aliyeitaka, na kamera mpya ambayo kila mtu aliitaka.

"Mwanzoni nilimpenda," Zumreta anakiri. "Nani asingempenda? Anacheka kwa sauti, anaosha vyombo bila kuambiwa. Kisha siku moja akapika pita, ile pai yetu, ya mchicha. Mama akala vipande vitatu, akasema, 'Hii sasa ina chumvi ya kutosha.' Mimi nimempikia mama yule miaka ishirini na mitano. Sikuwahi kusikia habari ya chumvi."

Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni video.

Ilduza hakupiga kasia. Alipelekwa kwa gari hadi Kazan, poromoko la mwisho na kubwa kuliko yote, akasimama juu ya mwamba mkavu. Kamera yake aliiweka kwenye 4K, ubora wa juu kabisa, picha mia na ishirini kwa sekunde, kisha akapunguza mwendo wa video. Mchana, wageni walipokuwa wakila samaki wa kuchoma kwenye banda la boti, akaiwasha televisheni ya ukutani.

Maji yalipanda polepole kama shuka inayokung'utwa. Kila tone lilionekana peke yake. Mama mmoja wa kutoka Graz aliuona mdomo wake mwenyewe ukifunguka, ukifunguka, ukizidi kufunguka, akacheka mpaka akatoa machozi. Waliomba irudiwe mara tano.

Zumreta alikuwa amesimama mlangoni, nywele zinachuruzika. Dakika arobaini kabla ya hapo alikuwa amewavuta watu wawili kutoka majini. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Nilijiambia, ni kipya kinyemi, kitapita," anasema. "Kisha nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimelikamua taulo mpaka maji yanatiririka sakafuni."

Wiki hiyo ziliuzwa video thelathini na moja za Ilduza. Za Zumreta ziliuzwa nne, na mbili kati ya hizo zilinunuliwa na kasisi aliyedhani ni za Ilduza.

Tangu hapo hakulala usingizi mzuri. Alihesabu mara ngapi mama yake, Hajrija, alitaja jina la mkwewe kwa siku. Alizichukia hata ndara za wifi yake, kwa jinsi zilivyopangwa sawasawa mlangoni. "Akicheka, nasema moyoni: anacheka nini? Akinyamaza: ananyamazia nini? Mtu mwenye kijicho hapumziki, dada yangu. Ni kazi ya kutwa bila malipo."

Msimu uliofuata ulipoanza, akaamua kumshinda kwa silaha yake mwenyewe. Asubuhi moja ya Juni mwaka jana, kabla Ilduza hajaondoka kwenda kung'olewa jino mjini, Zumreta aliichungulia kamera yake na kunakili kila alichokiona. Akaipandisha yake vilevile: 4K, picha mia na ishirini, mwangaza wa kioo juu kabisa.

Ambacho hakukijua ni kwamba Ilduza alirekodi dakika mbili tu kwa kila boti, akazima, na mfukoni alikuwa na betri tatu. Zumreta alikuwa na mbili, na mbele yake saa tatu na nusu za mto. Akabonyeza kitufe tangu ukingoni, kwa uroho.

Betri ya kwanza ilikata dakika ya thelathini na nne. Ya pili ilikata zaidi ya saa mbili kabla ya Kazan.

Siku hiyo walikuwa walimu wa shule moja ya Zenica, wakimuaga mkuu wao anayestaafu. Pale Kazan, mkuu huyo, mama wa miaka sitini na tano, alisimama katikati ya boti akashuka poromoko huku anaimba. Ilduza alikuwa kwa daktari wa meno. Hakuna kamera iliyoona.

Mchana televisheni iliwaonyesha walimu maji yaliyotulia, bata wawili, na kwa muda mrefu sana, kwa ubora wa hali ya juu, kisogo cha Husnija.

"Jamani!" Husnija alipiga kelele. "Sikujua nina kisogo kizuri hivi! Mke wangu apelekewe nakala, alikuwa anataka kuniacha!"

Banda zima liliangua kicheko. Zumreta alitoka nje.

Jioni ile Rifet alimfuata alipokuwa akianika makoti ya kuelea. "Zumra, wewe linda watu. Picha mwachie Ilduza."

"Miaka kumi na miwili, kaka."

"Sikusema ulifanya vibaya. Nasema yeye anajua zaidi."

"Anajua kusimama juu ya jiwe."

"Basi kazi yetu ni hiyo, dada. Watu wananunua jiwe."

Akaibandua kamera kwenye kofia ya dada yake. Palibaki alama ya gundi, mraba mweupe.

Kinachofuata Zumreta anakisimulia akitazama chini. "Andika," anasema. "Ila usiandike kama ajali."

Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Julai. Ilduza alikuwa jikoni akikaanga maandazi, na kamera yake ilikuwa juu ya meza uani, pembeni ya vikombe vya kahawa. Betri zake mbili za akiba zilikuwa kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine zilizotumika jana yake. Zilizojaa chaji alizivisha mikanda myekundu ya mpira, ile ya kufungia vitunguu vya majani, ili asizichanganye.

Zumreta aliiwasha kamera. Akapandisha ubora mpaka mwisho. Akawasha waifai, akawasha ramani, akawasha kuamrishwa kwa sauti, akakizuia kioo kisizimike. Kisha akaitia kwenye mkoba wake palepale mezani ikiwa macho, ikila chaji gizani. Halafu akaivua mikanda myekundu kwenye betri zilizojaa na kuzivisha zilizokwisha.

"Dakika mbili tu," anasema. "Nilimsikia anaimba jikoni. Nikasema, imba."

Saa sita na nusu Ilduza alikuwa juu ya mwamba wake. Zumreta, akiwa ndani ya kayaki kwenye maji matulivu ya chini, alimwona vizuri. Boti la kwanza likashuka. Ilduza aliinua kamera, kisha akaishusha. Akaitikisa. Akabadili betri, akabonyeza, akaipiga kidogo kwenye paja. Akabadili tena.

"Roho yangu ilitulia kama maji ya mtungini," Zumreta anakumbuka. "Boti la pili likapita, yeye bado anahangaika. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana."

Boti la tatu, la Husnija, lilikuja ubavu. Likapanda mwamba wa kati, likasimama wima kama mlango, likapinduka.

Vichwa vilizuka majini kimoja kimoja. Zumreta alihesabu: watatu, wanne, watano, na Husnija wa sita, akitukana. Walitakiwa kuwa saba.

Wa saba alikuwa Vinko, daktari wa meno wa miaka hamsini na minane kutoka Maribor. Mguu wake ulikuwa umenasa kati ya mawe mawili chini ya povu. Maji yalimlaza kifudifudi na kumpita juu. Kilichoonekana ni mkono tu, unafumba na kufumbua.

Kayaki isingeweza kufika pale. Zumreta aliipiga kasia mpaka kwenye mwamba wa Ilduza, akaruka nje, akaipachika kamba kwenye pete ya mgongoni mwa koti lake na kumtupia wifi yake mfuko wa kamba iliyobaki.

"Shika!"

"Nifanye nini? Zumra, mimi sijui, nifanye nini?"

"Kaa chini! Miguu kwenye jiwe! Usiachie hata iweje!"

Akajitupa.

Mto ulimbeba moja kwa moja hadi kwa Vinko. Alimshika ukosi, akauinua uso wake, akamsikia akikoroma hewa. Akazama, akapapasa mguu, akakuta kiatu kimebanwa kisigino. Fundo la kamba ya kiatu lilikuwa gumu kwa maji. Alipanda akapumua, akazama tena. Safari ya tatu kiatu kilibaki kwenye mawe, mguu ukatoka, na mto ukawachukua wote wawili kwa mpigo, watu wawili wazima kwenye kamba moja.

Mwisho wa kamba ile alikuwepo Ilduza, mikono mitupu. Kamba ilikimbia viganjani mwake kama mita nne na kuondoka na ngozi. Alipiga yowe. Hakuiachia. Aliegemea nyuma mpaka mgongo ukagusa mwamba, na wale wawili wakayumba kama jiwe kwenye uzi, wakasukumwa ukingoni.

Vinko alitapika maji, akaangaza huku na huku, akauliza miwani yake iko wapi.

Kambini mchana ule hakuna aliyegusa samaki mpaka wakapoa. Vinko, blanketi mabegani, alimshika Zumreta mkono hataki kuuachia. "Nani alirekodi?" aliuliza. "Mke wangu hataamini. Nataka amwone mwanamke huyu."

Rifet alijipiga kwenye paja. "Miaka yote hii tunarekodi bata! Leo, leo hii, ndiyo hatuna picha!"

Ilduza alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono imefungwa bendeji mpaka kwenye vifundo, machozi yanashuka bila kufutwa kwa kuwa hana cha kuyafutia. "Nisamehe, wifi yangu," alisema. "Betri nilizichaji, naapa kwa Mungu nilizichaji. Hii ilikuwa siku yako, na mimi nimeiharibu."

Zumreta anasimama kusimulia. Anaokota kokoto, anaitupa mtoni.

"Nilimwambia, si kitu. Maneno hayo hasa: si kitu. Sijawahi kumwambia mtu neno baya kuliko lile. Na unajua kibaya zaidi? Watu walikwenda kumkumbatia. Analia, wanamkumbatia. Nilikuwa nimetoka kumwokoa mtu kutoka kwenye mdomo wa kifo, nimesimama pale nimelowa, na bado nikaona wivu."

Siku nne aliificha siri yake. Siku ya tano mama yake alimwagiza amwoshe Ilduza nywele, maana mikono ile haikuruhusiwa maji. Wakaweka beseni kwenye kigoda nyuma ya banda. Ilduza akainama, akafumba macho, na akaanza kumshukuru: kwa nywele, kwa supu, kwa kumfunga vifungo vya gauni.

"Povu lilikuwa limemjaa masikioni," Zumreta anasema. "Nikadhani nikisema sasa, labda hatasikia vizuri. Nikasema."

Ilduza hakuinuka. "Rudia," alisema.

Akarudia.

"Na mikanda?"

"Na mikanda."

Ilduza akanyanyuka na povu lake kichwani. Akapita uani katikati ya wageni, sabuni inamteremka mgongoni, akaingia ndani na kufunga mlango kwa kiwiko.

Siku kumi na tisa hakumwambia wifi yake neno. Rifet hakuambiwa na mkewe. Zumreta alikwenda mwenyewe akamwambia. Kaka mtu alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena. "Toka mtoni," alisema. "Nenda jikoni mpaka nikuite." Akaajiri mlinzi wa muda kutoka Bihać.

Bi Hajrija hakumpigia kelele binti yake. Alimsogezea ndoo ya viazi. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema. "Wewe, mwanangu, umeingia na kamba umemshikisha uliyemchimbia."

Mapema Agosti mvua ilinyesha milimani siku mbili mfululizo. Una ulipanda, na mwamba mkavu wa Kazan ukafunikwa. Hapakuwa tena na mahali pa kusimama. Ikawa video ipatikane majini au isipatikane kabisa.

Ilduza alijaribu. Alimfungia yule mlinzi wa muda kamera kofiani, akaiweka alivyozoea kuiweka, na kwa siku tatu mfululizo ikazimika kabla ya Kazan. Asubuhi ya nne aliingia jikoni, akaiweka ile kofia juu ya maganda ya viazi, mbele ya Zumreta.

"Inakata," alisema. "Wewe unaiwekaje mpaka inafika?"

Zumreta alifuta mikono kwa aproni. Akamwonyesha. Kwanza kuzima kila kisichorekodi. Kisha kushusha ubora, kwa sababu kwenye televisheni ya banda hakuna mgeni atakayeona tofauti wakati kamera yenyewe inatikisika kofiani. Kisha picha sitini kwa sekunde, zinazotosha kupunguza mwendo nusu. Kubonyeza mita ishirini kabla ya poromoko, kuzima mara boti la mwisho likipita. Na betri ya akiba ikae kwenye joto la mwili, isikae kwenye mfuko wa boti.

Ilduza alisikiliza, akauliza maswali mawili, akaondoka. Kesho yake Rifet alimwita dada yake mtoni.

"Hakusema amenisamehe," anasema Zumreta. "Mpaka leo hajasema."

Ilduza mwenyewe, tulipomkuta akipanga makasia, alionyesha viganja vyake. Ngozi imerudi, ila inang'aa kama karatasi ya peremende. "Nimesamehe robo tatu," alisema. "Robo iliyobaki nimeiweka akiba. Akiniudhi naitumia."

Msimu huu wanagawana kazi, na pesa ya video wanaigawa nusu kwa nusu. Zumreta anarekodi mto mzima kwa chaji ya kubana, Ilduza anangoja pale Kazan na kuimwagia kamera yake kila inachotaka kwa dakika mbili. Jioni wanaziunganisha kwenye meza moja. Wanagombana sana. Husnija anasema akipita karibu na meza hiyo hukaza mkanda wa kofia yake.

Na wivu, je? Umekwisha?

Zumreta anacheka kwa mara ya kwanza leo. "Juzi mama alimsifia rangi ya mapazia. Mapazia niliyoshona mimi! Alichagua kitambaa tu. Nilikwenda nyuma ya banda nikapasua kuni za wiki nzima." Anatikisa kichwa. "Haujakwisha. Ila sasa ukinijia naujua kwa jina, na mikono naiweka mahali ninapoiona."

Ana jambo moja analolingoja. Katika misimu yote kumi na mitatu amewarekodi maelfu ya watu wakishuka Kazan, na hana hata sekunde moja ya kwake mwenyewe. Aprili ijayo, theluji ikiyeyuka na mto ukiwa na nguvu zake zote, kabla wageni hawajaanza kuja, amepanga kushuka peke yake kwa kayaki. Ilduza atarekodi kutoka ukingo wa juu, penye mti mkubwa ulioinama, ambako maji hayafiki.

Mabishano yameshaanza. Ilduza anataka picha mia mbili na arobaini kwa sekunde. Zumreta anamkumbusha kwamba Aprili hewa ni ya barafu, betri haitadumu hata dakika ishirini.

"Betri nitaziweka kifuani mwangu mimi!" Ilduza anapaza sauti kutoka bandani, kumbe alikuwa anasikiliza muda wote. "Wewe shuka tu! Na ushuke mara moja, usije ukaniambia turudie!"

"Mara moja inatosha," Zumreta anajibu. Watalii wamekwisha kuvaa, Husnija anapuliza filimbi. Anaivuta kayaki hadi majini, anaketi, anakaza mkanda kiunoni.

"Nataka mama aitazame," anasema, akiinua kasia. "Mwanzo mpaka mwisho, bila kumsifia mtu mwingine."